Kivuli Kilichobaki Uani

Kimya alikuwa amemaliza kuanika mashuka ya watu, akarudi nyuma hatua chache kutazama vivuli vya nguo ukutani. Ndivyo alivyozoea. Shuka lililoanikwa vibaya huonyesha kosa ukutani kabla ya kulionyesha kwenye kamba. Aliona kivuli cha shuka, kisha cha shuka jingine, foronya, suruali ya mwalimu wa jirani, halafu chini ya hivyo vyote, karibu na bomba, akaona kivuli kimoja kisichokuwa na nguo. Kilikuwa kifupi, kichwa cha mviringo, na kilikuwa kinachezea vivuli vya vibanio.

Akageuka kumwambia Kitufe aache vibanio. Kitufe hakuwepo.

Kitufe alikuwa mtoto wa dada yake. Aliitwa hivyo kwa sababu alizaliwa mdogo na wa mviringo, na mama yake, ambaye kazi yake ilikuwa kushona kola kwenye kiwanda cha sare, alisema amemaliza kazi nyingi lakini hiki ndicho kitufe cha mwisho. Mtoto alikuwa bado hajaanza shule. Muda mfupi kabla ya hapo mpira wake ulitoka nje ya geti naye akaufuata.

Kimya alitoka mbio. Mpira ulikuwa mtaroni. Fundi viatu, aliyekuwa na banda lake la mabati pale pale getini, alikuwa amesimama na kiatu kimoja mkononi.

"Kachukuliwa," alisema. "Gari jeupe, lina mapazia. Nimepiga kelele mpaka koo linaniuma. Hukusikia?"

Kimya hakusikia. Bomba lilikuwa wazi na maji yalikuwa yanaingia kwenye beseni kwa kishindo.

"Mtu kashuka, kamnyanyua hivi," fundi alisema, akakipeperusha kiatu juu kwa mkono mmoja. "Mara moja tu. Hata mtoto hakuwahi kulia."

Waliporudi uani, mama mwenye nyumba alikuwa ameshasimama mbele ya kile kivuli, mikono kiunoni, anakikagua kama anavyokagua chumba mpangaji akihama.

"Ukimnyanyua mtu upesi namna hiyo, kivuli hubaki," alisema. "Ilimtokea shemeji yangu alipogongwa na pikipiki. Kilimngoja barabarani mpaka alipotoka hospitali akaenda kukichukua mwenyewe."

Kwa hiyo dada aliporudi kutoka kazini wakamwambia mambo mawili, kwamba mtoto amechukuliwa na kwamba kivuli chake kipo. Dada alikaa chini pale pale kwenye saruji yenye maji. Kivuli kikaja kikalala mapajani mwake, na hakikuwa na uzito.

Polisi walifika siku iliyofuata. Aliyekabidhiwa kesi alikuwa Mpelelezi, mtu mrefu mwenye sauti ya taratibu na viatu visivyojua vumbi. Sifa yake ilikuwa kubwa. Alikuwa amepata magari mengi yaliyoibwa, na watu walisema likipotea gari kwake ni kama limeegeshwa tu. Alifuatana na askari kijana mwenye kamera.

Alianza na mama wa mtoto.

"Ulikuwa wapi?"

"Kazini, Afande."

"Nani kakuona?"

"Kiwanda kizima."

"Kiwanda kizima," Mpelelezi alirudia, kama mtu aliyepewa chenji yenye mashaka. "Na baba wa mtoto?"

"Alioa kwingine. Hata sura ya mtoto haijui."

"Mbona hulii?"

"Nimelia usiku, Afande."

"Usiku sikuwepo," alisema, na askari akaandika kwamba mama halii.

Kisha akamgeukia Kimya. Kimya alifungua mdomo na sauti haikutoka. Hilo lilikuwa jambo la zamani. Shuleni, akiitwa mbele kusoma, maneno aliyaona vizuri lakini yakifika kooni yanageuka kuwa mate, naye anayameza. Mwalimu mmoja akasema arudi siku akiwa na sauti. Hakurudi. Jina la Kimya alipewa na majirani, bila ubaya, naye akalivaa kama gauni alilorithi.

"Huyu ni bubu?" Mpelelezi aliuliza.

"Si bubu, ana aibu tu," dada alisema.

"Mwenye aibu ana sababu ya aibu," Mpelelezi alisema, na hilo pia likaandikwa.

Kivuli kiliandikishwa kuwa kielelezo. Askari akakizungushia utepe wa manjano ukutani, akakibandikia namba, akakipiga picha. Jioni jua lilipohama, kivuli kilihama nalo, utepe ukabaki umezungushia saruji tupu. Asubuhi akaja kukizungushia tena. Haukupita muda mrefu, ua ulikuwa umejaa utepe pande zote kama nyumba yenye sherehe, na Kimya alikuwa anaanika nguo kwa kuinama.

Kesi ikawa kubwa. Picha ya Kitufe ilibandikwa kwenye nguzo, redio zilimtaja kila asubuhi baada ya bei za mazao, na watu waliokuwa hawajawahi kufika mtaa ule walikuja kutazama kivuli. Wengine walikipungia mkono. Chenyewe kilijificha nyuma ya kivuli cha pipa la maji, kwa sababu Kitufe alikuwa mtoto mwenye haya kwa wageni, mtu wa nje akija hujishika kwenye gauni la mama mdogo wake mpaka mgeni aondoke. Kiliwazoea watu wachache tu. Dada, Kimya, mama mwenye nyumba akiwa hajakasirika, na fundi viatu, ambaye siku zote alimpa Kitufe misumari iliyopinda achezee.

Fundi viatu ndiye pekee aliyeliona gari, kwa hiyo aliitwa kituoni kueleza. Alieleza. Wakamwuliza aliwezaje kuona mapazia yote hayo huku anashona kiatu. Alisema macho yake hayashonwi. Wakamwambia aeleze tena, akaeleza vile vile, wakasema ameikariri. Wakamwambia aeleze mara nyingine, akasahau kutaja mapazia, wakasema anabadilisha maneno. Aliporudi getini alikuwa mshukiwa. Kuanzia hapo mtaa mzima ukawa haujaona kitu. Mwuza barafu, ambaye siku ile alilazimika kusogeza baiskeli yake ili lile gari lipite, alisema yeye huwa anaendesha akiwa amefumba macho.

"Magari meupe ni mengi," Mpelelezi aliwaambia. "Hata mimi ninalo."

Alikuwa anakuja mara kwa mara, na hakuna aliyeweza kusema hana moyo. Siku moja alimkuta dada amesukuma sahani mbali, chakula kimepoa.

"Kula, mama," alimwambia. "Mtoto anakula, na wewe kula. Yule shida yake vitunguu tu. Akiviona kwenye sahani anavitoa kimoja kimoja, anavipanga pembeni kama askari."

Dada aliitikia kwa kichwa na machozi yakamtoka, kwa sababu ilikuwa kweli. Kimya alikuwa anapiga pasi mlangoni. Pasi ilisimama, akaiinua haraka kabla haijaunguza. Mpelelezi alipoondoka, Kimya alimwuliza dada, kwa sauti ile ndogo aliyoitumia ndani ya chumba:

"Ulimwambia wewe habari ya vitunguu?"

"Mimi? Nilidhani wewe."

Wakatazamana.

"Labda mama mwenye nyumba," dada alisema.

"Labda."

Hawakwenda kumwuliza mama mwenye nyumba.

Kivuli kilikaa na kikakua. Nguo zake zilikuwa zinabadilika. Kwanza kilivaa kofia yenye ukingo mpana, kisha viatu vyenye visigino vidogo ambavyo Kitufe hakuwahi kuwa navyo. Kilinenepa kidogo mashavuni. Mama mwenye nyumba alisema hizo ni habari njema, kivuli hakiwezi kushiba kama mwenyewe ana njaa. Lakini asubuhi moja kiliamka kimesukwa nywele. Zilikuwa nyingi, nyembamba, zimepandishwa juu na kufungwa na kitu kama ua, na dada, ambaye alimsuka Kitufe kila Jumapili tangu nywele ziliposhikika, hakuujua msuko ule. Alisimama mbele ya ukuta akiwa na kitana mkononi.

"Nani kakusuka?" aliuliza.

Kivuli kilipapasa kichwa chake kwa mikono miwili, taratibu, kama mtoto anayeogopa kuharibu.

Siku ile dada hakwenda kazini.

Baadaye Mpelelezi alitangaza gwaride la utambulisho. Sheria ilisema shahidi akiwepo, washukiwa wapangwe mstari, shahidi apite, amguse anayemjua. Kivuli kilikuwa shahidi. Barua ya kituoni ilitaka gwaride lifanyike saa sita mchana kamili, na hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kubishana na barua. Washukiwa walipangwa kwenye jua kali, na kivuli, kama vivuli vyote saa ile, kilikuwa kimejikusanya chini ya bomba kikawa kama maji yaliyomwagika kidogo. Hakikuweza kupita popote. Mpelelezi alingoja kwa adabu, akatazama saa, akamwambia askari aandike kwamba shahidi hakufika.

"Afande, si yule pale chini?" mama mwenye nyumba aliuliza.

"Mama, umeitwa?"

"Nyumba yangu."

"Nyumba yako, gwaride langu."

Safari ya pili gwaride lilifanyika alasiri. Mstarini walikuwa fundi viatu, baba wa mtoto aliyeletwa kutoka kwa mke wake mwingine, mwuza barafu, na wapita njia kadhaa waliokamatwa barabarani kwa sababu mstari ulikuwa mfupi. Vivuli vyao vililala ukutani virefu, kimoja baada ya kingine. Wote walikuwa wanatoka jasho. Hata wale wapita njia, ambao kosa lao lilikuwa kupita, walikuwa na sura za watu waliofanya jambo. Mtaa mzima ulikuwa umejipanga juu ya kuta na madirishani.

Kivuli cha Kitufe kilitoka nyuma ya pipa. Kilipita kwa baba yake bila kusimama. Kilipita kwa mwuza barafu, ambaye alikuwa amefumba macho kweli. Kwa fundi viatu kilisimama, kikachuchumaa, kikatazama mfukoni mwa kivuli cha aproni yake kama kuna misumari. Hamkuwa na kitu. Fundi alinong'ona, "Leo sina, mwanangu, wamenichukulia vyote." Kivuli kikainuka, kikaendelea mpaka mwisho wa mstari, na mwisho wa mstari hakikurudi. Kiliendelea.

Mpelelezi alikuwa amesimama pembeni, karibu na kamba za nguo, jalada kwapani. Kivuli kilimwendea moja kwa moja, bila haya, kwa vile vihatua vya mtoto aliyekuwa anangoja mtu arudi kutoka kazini. Kilipofika chini ya kivuli chake, kikanyoosha mikono yote miwili juu.

Kimya alikuwa nyuma ya shuka. Alijua mikono ile. Ilikuwa mikono ya kuomba kubebwa.

Mpelelezi alisogea kushoto. Kivuli kikasogea kushoto, mikono bado juu. Akasogea kulia, kikamfuata, na sasa kilikuwa kinarukaruka kidogo, kwa sababu anayeombwa alikuwa anachelewa. Mwishowe Mpelelezi aliingia chini ya ukingo wa paa, mahali ambapo jua halifiki na vivuli vyote huwa kitu kimoja. Kutoka pale akamwambia askari:

"Andika. Shahidi hakumtambua mtu yeyote katika mstari."

Askari kijana aliandika, kisha kalamu ikabaki hewani.

"Afande, hiki cha mwisho nacho nikiandike?"

"Mimi nilikuwa kwenye mstari?"

"Hapana, Afande."

"Basi."

Na ilikuwa kweli. Hakuwa kwenye mstari. Baba wa mtoto alirudishwa kwa mke wake, wapita njia wakaendelea na njia zao, na fundi viatu akapelekwa mahabusu, kwa kuwa maelezo yalionyesha kwamba shahidi alisimama mbele yake na kuchuchumaa.

Dada na Kimya hawakuzungumza mpaka walipofunga mlango.

"Umeona," Kimya alisema.

"Nina macho."

"Tufanye nini?"

"Tuseme. Au wewe unataka tufanye nini, tushone midomo?"

Wakaenda kituoni. Afisa wa zamu alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na aliwasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo liliwatia moyo. Dada alieleza habari ya mikono, habari ya vitunguu, habari ya gari. Kimya alikuwa nyuma yake, ameshika ncha ya kitambaa cha dada.

"Haya ni malalamiko mazito," afisa alisema. "Malalamiko yoyote kuhusu kesi hupokelewa na mpelelezi wa kesi. Kaeni. Anakuja sasa hivi."

Mpelelezi alikuja. Aliwavutia viti yeye mwenyewe, akawapa maji. Alisikiliza malalamiko dhidi yake kwa makini, akauliza maswali mawili au matatu ya kufafanua, akaahidi kuyachunguza.

Siku nyingi hazikupita, mama mwenye nyumba alikuwa uani anachambua mchele, na kama kawaida yake alianza kuzungumza na sinia.

"Mke wa Afande kapata mtoto wa kulea. Wa ndugu, wanasema. Wa mbali."

Kimya aliacha kusuuza.

"Masikini, mtoto ana maradhi ya jua. Hatoki bila mwavuli. Hata mawingu yakitanda, mwavuli. Hata kutoka mlangoni kwenda kwenye gari, mwavuli. Jua likimpiga, sijui linaonyesha nini." Alitupa punje mbovu, akainua macho, akakitazama kivuli kilichokuwa kinaruka kamba ukutani. "Nimesema tu nilichosikia. Msinitaje."

Dada aliposikia hakubadilisha hata viatu. Alitoka na ndala zake za ndani, Kimya nyuma yake, mpaka kwenye nyumba za maafisa, ambako kulikuwa na ukuta mrefu na mlinzi kwenye kibanda.

"Kibali," mlinzi alisema.

"Kinatolewa na nani?"

"Na Mpelelezi."

Wakakaa ng'ambo ya barabara, juu ya jiwe. Alasiri gari lilitoka. Lilikuwa la bluu, rangi bado mbichi, ila ukingoni mwa mlango palikuwa pamebaki weupe. Nyuma, ndani ya gari, kulikuwa na mwavuli uliofunguliwa, umejaza kiti kizima.

"Kitufe!" dada aliita.

Mwavuli uliinuka kidogo. Chini ya ukingo wake vilionekana vidole vidogo, vimeushika kwa nje. Kisha mkono mwingine, wenye bangili, ukaushusha.

Dada alilikimbilia gari, akapiga kioo, akaita mpaka sauti ikakatika, na Kimya alikimbia pembeni yake akiwa amefungua mdomo, na mdomoni mwake hamkutoka kitu. Dada alikamatwa kwa kuzuia magari. Aliachiwa kabla ya giza. Mpelelezi mwenyewe ndiye aliyemsindikiza mpaka nje ya kituo, akamshika bega.

"Uchungu humfanya mama amwone mtoto wake kila mahali," alisema. "Ni kawaida. Nenda kapumzike."

Nyumbani mama mwenye nyumba aliwaambia kwamba alasiri ile kivuli kiliacha mchezo ghafla, kikasimama, kikageukia geti kama kimeitwa. Kilisimama hivyo mpaka jua likaisha.

Kesi ya fundi viatu ilisikilizwa. Picha za kivuli kikiwa kimechuchumaa mbele yake zilionyeshwa, za mikono hazikuwepo kwa sababu filamu, askari alieleza, iliishia pale. Fundi alifungwa. Banda lake likabaki limefungwa na ndani mkawa na viatu vya watu. Redio zilisema kesi ngumu imekwisha, zikampongeza Mpelelezi, naye akapandishwa cheo na kupewa kituo cha mbali. Mtoto, redio zilisema, bado anatafutwa.

Kabla ya kuhama alikuja mara ya mwisho. Ilikuwa alasiri njema, jua safi, na Kimya alikuwa ameanika mashuka. Mpelelezi alikuwa na nyota mpya mabegani, na askari kijana alibeba blanketi, kamba na patasi.

"Kesi imefungwa," alisema. "Kielelezo ni mali ya serikali. Tumekuja kukichukua."

"Kivuli?" dada alisema. Alikuwa amekonda, na nguo zake mwenyewe zilikuwa zimekaa mwilini kama zimeazimwa. "Mmechukua mtoto, sasa na kivuli?"

"Pole, mama. Ni utaratibu."

"Serikali inataka kivuli cha nini?" mama mwenye nyumba aliuliza kutoka dirishani.

"Hifadhi."

Kila mtu uani alielewa hifadhi ile ni ipi. Mtoto mwenye kivuli chake hahitaji mwavuli. Anaweza kwenda shule, anaweza kusimama juani na watoto wengine, na kivuli kikishaondoka ukutani, hakuna tena kitu chochote duniani kitakachosema alikuwa wa nyumba hii. Dada alikwenda akasimama mbele ya ukuta, mikono ameitanua. Kivuli chake kilikifunika kile kidogo, lakini chenyewe kikachungulia kwenye nyonga yake, kwa sababu kilikuwa kimesikia sauti ya Mpelelezi.

Askari alijaribu blanketi. Alilitandika ukutani, akakunja pembe, akafunga kamba, akaliinua, na kivuli kilikuwa bado ukutani. Alijaribu patasi. Plasta ilianguka vipande vipande mpaka matofali yakaonekana, na kivuli kikahamia kwenye matofali. Mama mwenye nyumba alipiga kelele habari ya plasta yake. Jua lilikuwa linashuka, na Mpelelezi, ambaye hakuwahi kuonekana akitoka jasho, alifuta shingo kwa leso.

"Fanya haraka," alisema.

"Hakishikiki, Afande."

Kivuli kilikuwa kimekua sana. Kilikuwa na gauni la kupanuka na nywele zimefungwa kwa utepe mpya. Kilipita chini ya mkono wa dada, kikapita kwenye vivuli vya mashuka, kikafika miguuni mwa Mpelelezi, na kikanyoosha mikono.

Safari hii hakusogea. Alikuwa amechoka, labda, au alikuwa ameizoea mikono ile kwingine, kila jioni, akiweka jalada mezani na kuvua kofia. Magoti yake yalikunjika kidogo. Bega la kulia likashuka. Mikono yake ikaanza kwenda chini, viganja vimefunguka, kwa upana kamili wa mbavu za mtoto.

Halafu akakumbuka. Akajifanya anafuta kiatu.

Ni vizuri isemwe mapema kwamba hakuna kilichobadilika baada ya pale. Mpelelezi alihama na mkewe, na inasemekana huko walikohamia kuna mwavuli mmoja ambao haufungwi, masika wala kiangazi. Fundi viatu bado yuko ndani. Viatu vya watu viko bandani. Plasta haijarudishwa, na kivuli bado kiko uani, kimeshamfikia dada begani, na jioni humsaidia Kimya kuanua kwa kuonyesha shuka lipi halijakauka. Majirani wamekizoea. Hukisalimu wakipita.

Lakini alasiri ile, Mpelelezi akiwa bado ameinama, anafuta kiatu kisichokuwa na vumbi, na ua mzima ukitazama ardhi, mtu mmoja alitoka nyuma ya mashuka. Alikuwa na kibanio mkononi. Alifungua mdomo, na maneno yalipofika kooni hayakugeuka kuwa mate. Kimya mwenyewe, aliposikia sauti ile wazi, pana, inayofika mpaka getini, alidhani ni ya mtu mwingine.

"Mbebe tu, Afande," alisema. "Kakuzoea."